Usiogope samaki, ogopa bomba la mezani

SWALI: Mume wangu anasoma Osaka, Japani. Mwezi ujao ninaenda kumtembelea pamoja na mama mkwe mwenye miaka 68, mwanangu wa kiume wa miaka 9 na binti wa miaka 3. Mimi mwenyewe nina mimba ya miezi 5. Baba watoto anasema siku ya kwanza atatupeleka kwenye mgahawa ambao sushi, yaani madonge ya wali yenye samaki juu, zinapita mbele yako kwenye mkanda. Mama mkwe amekwishasema yeye hali samaki mbichi, "hata paka wangu humpikia." Sisi ni Waislamu. Tutakula nini humo, gharama zikoje, na tufanyeje tusiaibike? (Msomaji, Zanzibar)

JIBU: Dada yangu, mfikishie mama mkwe shikamoo yangu, na umwambie paka wake ana bahati.

Nimekaa Osaka miaka 11, na 9 kati ya hiyo nilikuwa jikoni kwenye mgahawa wa aina hiyohiyo, nyuma ya ukuta ambako mkanda unaanzia. Kila mgeni wa kutoka nyumbani niliyempokea alikuja na hofu ya mama mkwe: samaki mbichi. Humo ndani samaki ni wa mwisho kuogopwa. Kwa msafara kama wenu, wenye mjamzito, mzee, mtoto mdogo na suala la halali, vya kuangaliwa ni viwili ambavyo watu hawaulizi: mchuzi unaopakwa juu ya samaki, na bomba dogo lililo mezani.

Nianze na bomba, maana binti yako ndiye atakayelifikia kwanza. Meza za familia huwa na viti virefu viwili vinavyotazamana, na mkanda unapita kwenye kichwa cha meza, upande wa ukutani. Hapohapo chini ya mkanda, kimo cha kifua cha mtoto aliyekaa, kimetokeza kibomba chenye kitufe cheusi. Hakizungushwi. Unakisukuma kwa kikombe, na maji yanayokaribia kuchemka yanamwagika papo hapo. Ni maji ya chai: mezani kuna kikopo cha unga wa chai ya kijani, unatia kidogo kikombeni, unasukuma, basi. Mimi siku yangu ya kwanza nilidhani ni pa kunawa. Mtu wa Tanga haketi kula bila kunawa, nikasukuma kwa kiganja. Vidole viwili viliota malengelenge, na mhudumu akaja mbio na barafu kwenye kitambaa, anainama kuomba radhi kana kwamba aliyekosa ni yeye. Kwa hiyo upande wenye bomba akae baba watoto, binti akae upande wa njia wanakopita watu, na kikombe cha chai kisiachwe ukingoni. Mikono mtanawa chooni kabla ya kuketi, au mtumie vile vitambaa vyenye maji vilivyofungwa kwenye karatasi.

Na ule unga wa kijani, usije ukadhani ni wasabi, kile kikolezo chao kikali cha kijani. Binamu yangu aliunyunyizia juu ya jodari, akatafuna kimyakimya, kisha akanong'ona kwamba wasabi ya huku haina ukali wowote. Wasabi yenyewe huja kwenye vipakiti vidogo. Siku hizi migahawa mingi ya mkanda haiipaki ndani ya sushi, anayetaka anajitilia. Mkifika penye desturi ya zamani, neno la kumwombea mtoto ni "sabi nuki", yaani bila wasabi.

Sasa samaki. Hofu ya mbichi ina msingi wake, na msingi huo una jina: anisaki, mnyoo mwembamba kama uzi unaoishi ndani ya samaki wa baharini. Akimezwa akiwa hai hujichoma kwenye ukuta wa tumbo, na baada ya saa chache mtu anajikunja kwa maumivu. Siki haimuui, chumvi haimuui, wala wasabi, ingawa watu wengi huamini hivyo. Kinachomuua ni moto au baridi kali: serikali ya Japani inataja nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24. Katika kampuni kubwa za sushi ya mkanda, samaki wengi hufika jikoni wakiwa wamegandishwa, na jodari wa bahari za mbali hugandishwa melini kwenye baridi ya kufikia nyuzi 60 chini ya sifuri. Nimepokea mapande hayo alfajiri: magumu kama mawe, yakigongana yanatoa mlio wa mbao. Samoni wa rangi ya chungwa ambaye kila mtoto humpenda ni mgeni hata kwa Wajapani wenyewe. Wa kwao wa porini hawakumla mbichi kwa sababu ya minyoo hiyohiyo, mpaka Wanorwe walipokuja miaka ya 1980 na samoni wao wa kufugwa.

Wewe mwenye mimba, hata hivyo, mbichi iache mpaka ujifungue. Si kwa ajili ya mnyoo tu. Kuna bakteria wa listeria anayestahimili baridi ya friji, naye kwa mjamzito si mchezo. Kuna pia zebaki kwenye samaki wakubwa. Wizara ya afya ya Japani inawaambia wajawazito wapime kiasi cha jodari wakubwa, wale wanaoandikwa "hon maguro" na "mebachi": gramu 80 hivi kwa wiki, na kipande kimoja cha sushi ni kama gramu 15. Jodari wa kopo na samoni hawamo kwenye orodha hiyo ya tahadhari. Uliza pia neno "aburi". Utaona nyama ya samaki imebabuliwa juu kwa moto wa gesi, inanukia vizuri, ukadhani imeiva. Chini ni mbichi. Na huyo wa miaka 3 mpe vilivyoiva tu, akikua atachagua mwenyewe.

Mtakula nini basi? Hapa ndipo mgahawa wa mkanda unapoushinda ule wa sushi wa kifahari. Kwenye ule mwingine unaketi mbele ya fundi, anakupa anachokupa, bei huioni, na mtoto akilia kila mtu anageuka. Huu wa mkanda ulizaliwa kuwa wa watu wa kawaida, na ulizaliwa hukohuko mnakokwenda. Yoshiaki Shiraishi alikuwa na duka dogo la sushi kwenye eneo la viwanda mashariki ya Osaka. Wateja ni vibarua, bei ni ndogo, na wafanyakazi hawamtoshi. Siku alipotembelea kiwanda cha bia cha Asahi akaona chupa zinavyosafiri kwenye mkanda, akajiuliza kwa nini sahani zisisafiri vilevile. Mwaka 1958 akafungua mgahawa wake Higashiosaka. Mwendo uliotulia ni sentimita 8 kwa sekunde: ukienda haraka zaidi wateja wanapata wasiwasi na sushi inakauka, ukienda polepole watu wanachoka kungoja. Maonyesho ya dunia ya Osaka ya 1970 yaliutangaza, na hataza yake, yaani haki ya kisheria ya ubunifu wake, ilipoisha mwaka 1978 kampuni nyingi zikaingia. Ndipo vikaja viti virefu vya familia, chipsi, keki na aiskrimu.

Kwa hiyo orodha ni ndefu kuliko unavyodhani. Vilivyoiva ni kamba wa kuchemsha (ebi), pweza wa kuchemsha (tako), yai la kukaanga lililokunjwa (tamago), mkunga wa baharini aliyepikwa (anago), kamba wa kukaangwa ndani ya unga (tempura), jodari wa kopo na mayonezi, mahindi na mayonezi. Kuna kijiti cha wali na tango kilichofungwa kwa mwani (kappa maki), na ndicho mtoto wa miaka 3 anachoshika mkononi mwenyewe. Kuna tambi nene za udon kwenye supu, chipsi na matunda. Pweza wao hukatwa vipande vyembamba, laini kuliko wa Forodhani, na hana pilipili. Mama mkwe atamtambua kwa rangi ya ngozi kabla hujamwambia kitu.

Tukifika kwenye halali, mimi si sheikh, nitakueleza kilichomo tu. Samaki wenyewe hawana tatizo, na sisi wa pwani, wengi wetu Mashafi, pweza, ngisi na kamba tunakula siku zote. Siki ya kwenye wali, asili yake si neno, Mtume (SAW) aliisifu siki kuwa kitoweo kizuri. Kazi iko kwenye vikolezo. Wajapani hupika kwa mirini, ambayo ni pombe tamu ya mchele yenye kilevi cha asilimia 14 hivi, na kwa sake, pombe yao ya mchele ya kunywa. Huvioni. Viko ndani ya ule mchuzi mweusi, mzito, mtamu unaopakwa juu ya mkunga. Mara nyingi vimo ndani ya yai, ndani ya supu ya udon, ndani ya mayai mekundu ya samoni yaliyolowekwa, na ndani ya inari, yaani vifuko vya tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) vinavyojazwa wali. Hata siki ya wali huweza kuongezewa kitu, inategemea kampuni. Mchuzi wa soya nao huchacha wenyewe, ukawa na kilevi kidogo kinachotokana na uchachu, na wenye viwanda wengine huongeza ili usiharibike. Masheikh wana maneno yao juu ya kilichochacha chenyewe na kilichotiwa, nanyi mfuate wa kwenu.

Nyama ni rahisi zaidi: ziacheni zote. Kuku wa kukaanga, ng'ombe juu ya wali, na ile nyama ya kusaga inayoitwa hambagu ambayo Japani mara nyingi huchanganywa na nguruwe. Rameni, zile tambi za supu, mara nyingi supu yake ni ya mifupa ya nguruwe au kuku. Chipsi ni viazi, lakini muulize mhudumu kama mafuta yake ni yale yaliyokaangia kuku.

Familia za Kiislamu ninazozijua Osaka zimegawanyika makundi mawili. Wako wanaokula kamba, pweza, samoni na tango bila mchuzi wa mezani, wanakamua limau na kutia chumvi, au wanakuja na kichupa chao cha soya ya halali mkobani. Wako wasiokanyaga kabisa kwa sababu ya wali wenyewe, hao huenda kwenye migahawa iliyothibitishwa halali. Wote nawaheshimu. Baba watoto akitaka uhakika, siku ya Ijumaa aulize waumini wa msikiti wa Osaka ulioko Nishiyodogawa, watamwambia kampuni ipi inatumia nini mwaka huu, maana vikolezo hubadilika. Asiingie kwa kubahatisha mbele ya mama yake.

Sasa namna ya kuingia. Mlangoni hakuna wa kuwapokea, kuna mashine. Unabonyeza idadi ya watu wazima na watoto, unachagua meza badala ya kaunta, inatoa kikaratasi chenye namba. Namba itaitwa kwa Kijapani, kwa hiyo mtazame skrini. Jumamosi na Jumapili saa sita mchana au saa kumi na mbili jioni mtangoja mpaka binti alale begani. Nendeni siku ya kazi, saa tisa alasiri: wanafunzi hawajatoka, wafanyakazi wamerudi ofisini, jikoni watu wametulia, na wali ni mpya. Saa hiyo mama mkwe anakaa kwa nafasi, hakuna anayemharakisha.

Usishangae ukikuta mkanda mtupu. Januari 2023 ilisambaa video ya kijana aliyekuwa kwenye mgahawa mmoja mkoani Gifu, akilamba chupa ya soya na kugusa sushi zilizokuwa zikipita kwa kidole chenye mate. Nchi nzima ilichafukwa. Tangu hapo migahawa mingi imeacha kuzungusha chakula wazi: unaagiza kwenye skrini, na sahani yako inakuja peke yake kwa mwendo wa kasi kwenye reli iliyonyooka, pengine juu ya kitreni cha plastiki kilichochongwa kama shinkansen, treni ya mwendo kasi ya Japani. Mwanao wa miaka 9 hatataka kitu kingine. Mpe yeye kazi ya skrini, ila muwekeane sharti: sahani mbili kwa agizo moja, tuzimalize, ndipo tuagize tena. Niliona mvulana mmoja aliyeagiza sahani 14 kwa pumzi moja, treni inakuja na kurudi, baba yake anatoka jasho. Skrini nyingi zina Kiingereza. Treni ikifika mnatoa sahani zote, mnabonyeza kitufe irudi.

Kampuni ya Kura, yenye asili ya mji wa Sakai palepale Osaka, bado inazungusha, lakini kila sahani imo ndani ya kifuniko angavu. Hapa wageni hutapatapa. Usikishike kifuniko. Ingiza kidole chini ya ukingo wa mbele wa sahani, uinue, nacho kinafunguka chenyewe. Sahani tupu mnazitumbukiza kwenye tundu lililo mezani, zinateleza kwenye maji mpaka jikoni, na kila zikitimia 5 skrini inachezesha bahati nasibu ya katuni. Ukishinda, kinaanguka kijimpira cha plastiki chenye kijidoli ndani. Niseme ukweli, huo ni ujanja wa kuwalisha watu sahani ya kumi wakati wameshiba kwenye ya nane.

Kuhusu aibu, makosa yanayoudhi kweli ni machache. Sahani ukiishaigusa ni yako, hairudi mkandani hata kama umeona ni ngisi na wewe ulitaka samaki mwingine. Sahani tupu pia haziwekwi mkandani. Mtoto asipeleke kidole. Sahani inayopita juu ya kigoda cha rangi imeagizwa na meza nyingine, muiache ipite. Mengine yote ni madogo. Vijiti vikiwashinda, kuleni kwa mkono: sushi tangu asili huliwa kwa mkono, na mzee wa Kijapani kwenye meza ya pili huenda naye anafanya hivyo. Ukichovya soya, chovya upande wa samaki, maana wali ukilowa unabomokea kikombeni. Vipande vyeupe au vya waridi kwenye kikopo ni achari ya tangawizi, ya bure, kula kati ya samaki mmoja na mwingine.

Wali huo, kwa taarifa ya mama mkwe asije akasifu mikono ya mpishi, haufinyangwi na mtu. Kampuni ya Suzumo ilitoa mashine ya kwanza ya kufinyanga sushi mwaka 1981, na jikoni kwetu ilikuwa ikitema madonge kwenye kisinia kinachozunguka, yote sawasawa, yakiwa na uvuguvugu kama wa kiganja. Kazi yetu ilikuwa kulaza samaki juu na kupeleka.

Gharama si ya kutisha. Zamani sahani ilikuwa yeni 100 na kodi juu yake, bei iliyowajenga. Tangu vuli ya 2022 kampuni kubwa zimekuwa zikipandisha. Sahani ya vipande viwili vya kawaida ichukulie kuwa yeni 120 hadi 200, na ya samaki wa thamani 300 na kuzidi. Baba watoto atakula 12, wewe 7, kijana 6, mama mkwe 4, binti 2: sahani 31, kama yeni 5,000. Ongeza chipsi, udon na keki mbili, mmefika 6,500 au 7,000. Chai na maji ni bure, na bakshishi haitolewi, ukiiacha mezani watakukimbilia nayo mpaka nje. Mkimaliza mnabonyeza kitufe cha hesabu, mhudumu anakuja kuhesabu sahani au mashine imekwishazihesabu, mnalipa mlangoni.

Mama mkwe mwambie mapema, msimfanyie mambo ya kushtukiza. Mwandikie kwenye kikaratasi kwa herufi zetu: tako, ebi, kappa maki. Mwekeeni limau na chumvi kwenye mkoba wake, na kijana amwoneshe picha ya pweza kwenye skrini, kisha yeye mwenyewe abonyeze.